Herufi za Udongo za Mafuru

Nyangeta mwanangu,

Umetoka saa nane kwenda Bunda kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hatakuachia kabla hajakulisha mara mbili, kwa hiyo nina muda. Nimekaa hapa barazani na lile daftari lako la chuo ambalo hukulimaliza, naandika kwenye kurasa za nyuma. Mambo ya chandarua, ya vyeti kukaa kwenye begi la mkononi, ya kutokula ovyo njiani mpaka Newala ulikopangiwa kufundisha, nimeshayasema mpaka umenifokea. Siyarudii. Kuna jambo moja sijalisema, na nimelibeba tangu Jumanne.

Jumanne ulikuwa mezani unakata manila. Ya njano, ya bluu, ya kijani. Nikakuuliza ni za nini, ukasema ni kadi za kuwapanga watoto wako wa darasa la kwanza: njano wanaojifunza kwa macho, bluu wanaojifunza kwa masikio, kijani wanaojifunza kwa mikono. Ukasema mmetumiana hilo wazo na wenzako kwenye grupu la simu. Ulikuwa na furaha. Nikaitikia "sawa", nikatoka nje, nikaanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Ukanicheka, ukasema mama uzee huo unapiga hodi.

Haukuwa uzee. Zile kadi nazijua. Nilizikata mimi kabla hujazaliwa, na wa kwanza niliyemvisha ya kijani alikuwa kaka yako Mafuru.

Najua ukiona jina hilo utataka kufunga daftari. Usifunge. Ni miaka minne tangu tumzike baba yenu, na miaka minne hujamsemesha kaka yako. Kesho unakwenda mwisho wa nchi bila hata kumwambia kwaheri, na yeye yuko kisiwani Rukuba hapo, mtumbwi tu. Nataka ujue kwa nini hakuwahi kujua kusoma na kwa nini hakuja kumzika baba yake. Sababu ya hayo yote mawili ni moja, na ni mimi.

Wewe unachojua ni kwamba Mafuru alikataa shule. Nani alikwambia? Mimi. Nilikuwaga nasema hivyo mbele za wageni, yeye akiwa amekaa palepale anakula: huyu akili zake ziko mikononi, vitabu havimtaki. Wageni wanacheka, na yeye anacheka nao.

Sasa nikwambie ilivyokuwa. Tulikuwa bado tunakaa upande wa Butiama, kijijini, na mimi ndiye nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza ambaye kila mzazi alitaka mtoto wake apite mikononi mwake. Darasa langu lilikuwa linasikika mpaka barabarani. Watoto mia na kidogo, kitabu kimoja kwa watano. Jumatatu nashika fimbo yangu, naonyesha ukurasa nilioandika ubaoni, nasoma, wananifuata. Mpaka Ijumaa wanausoma wote kwa sauti moja, bila mimi, bila kukosea. Mwalimu mkuu akipata mgeni anamleta kwangu kwanza. Nilikuwa natembea kifua mbele, Nyangeta, sikufichi. Mitaani wananiita mwalimu wa watoto wanaosoma.

Mafuru naye alikuwa humohumo darasani, mstari wa pili. Nilikuwa mwalimu wake na mama yake, na yote mawili nilijiona nayamudu.

Jumamosi moja asubuhi baba yenu alikuwa uani anatengeneza baiskeli ya mtu. Mafuru akamfuata na kitabu amsomee. Ukurasa ulikuwa na picha ya mwanamke anamwaga mahindi, kuku wamemzunguka. Mtoto akasoma vizuri sana: mama analisha kuku. Baba yenu akamsikiliza, halafu akafunika picha kwa kiganja, na grisi yake vilevile, akaonyesha neno moja katikati kwa kidole cha mkono mwingine. Hili linasemaje? Mafuru akawa anauangalia ule mkono wa baba yake, kana kwamba ukiondoka neno litasema lenyewe.

Baba yenu akanigeukia. "Mama Mafuru, huyu mtoto anasoma au anaimba?"

Nilimjibu nini? Nilimwambia arudi kwenye spoku zake, mwalimu hapa ni nani. Alirudi. Hakuwa mtu wa kubishana, unamjua. Lakini kile kiganja kilikuwa kipimo kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo, na nilikikataa kwa sababu kilikuwa na grisi.

Basi swali lake lilinikereketa, na lilikuwa bado linanikereketa nilipoitwa semina, Bunda. Mwezeshaji alikuwa kijana msafi, anaongea vizuri, na karatasi kubwa za kubandika ukutani. Akatuambia watoto wako wa namna tatu, wa macho, wa masikio, wa mikono, na mwalimu hodari anamfundisha kila mmoja kwa mlango wake. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Unajua kwa nini nililipenda lile wazo? Lilinisafisha. Kumbe mtoto wangu hakuwa ameshindwa, na mimi sikuwa nimekosea. Yeye alikuwa wa mikono tu. Tangu siku ile nina jambo moja najichunga nalo: nikisikia la kitaalamu halafu likanifurahisha haraka, nalishika kwa mbali kwanza. Mengi ya namna hiyo yanatufurahisha kwa sababu yanatuachia tuendelee kulala.

Nilirudi nikakata manila. Wa macho nikawapa ubao. Wa masikio nikawaweka karibu yangu wasikie. Wa mikono, waliokuwa wale wenye kuchelewachelewa, na wale wa nyuma, na mwanangu, nikawatoa nje chini ya dirisha wafinyange herufi kwa udongo.

Mafuru alizifinyanga, acha tu. M yake ilikuwa na miguu mitatu iliyonyooka kama imepimwa. Alikuwa anazisugua kwa mate na kidole gumba mpaka zinang'aa, anazianika dirishani kwa mstari. Wakaguzi walikuja wakazipiga picha. Mmoja alizishika akasema mwalimu, huu ndio ubunifu. Hakuna aliyemuuliza mtoto ile herufi inatoa sauti gani. Mimi sikumuuliza. Muhula mzima alifinyanga herufi ambazo kwake zilikuwa sawa na vikombe na ng'ombe aliokuwa anafinyanga mtoni.

Udongo haukuwa na kosa. Nasema hivyo usije ukaenda huko ukaogopa udongo. Mtoto akifinyanga m huku midomo imefungwa analia mmm, na akaitafuta kwenye maneno, udongo umefanya kazi. Kosa lilikuwa kumpa mikono na kumnyima sauti, na kumwambia hiyo ndiyo njia yake yeye. Wenzake pale ndani hawakupona zaidi. Wengi walikuwa wanaimba. Wachache waliotegua wenyewe jinsi herufi zinavyoungana ndio waliofika mbali, na mimi nikajipa sifa ya hao.

Mtoto asiyesoma anajifunza kujificha, na anajifunza vizuri. Mafuru alijua akae na nani, acheke lini, lini aseme macho yanauma. Mimi nikawa namchapa nikimwita mvivu. Alipomaliza la saba, kwenye mtihani aliandika jina lake na mistari ya mawimbi. Akaenda Rukuba kuvua dagaa, na mimi nikashukuru kwamba amepata kazi ya mikono, kama nilivyosema.

Nifike kwenye msiba sasa. Wewe ulikuwa sekondari, bweni, hukuona mwanzo wake.

Nilikuwa na tabia ya kumtumia Mafuru meseji kila Jumapili, salamu na mstari wa Biblia. Hakuwahi kujibu hata moja. Nilikuwa namlaumu kwa baba yenu: mtoto wako ana kiburi. Baba yenu anasema mpigie. Nampigia, tunaongea vizuri, nakata, na Jumapili inayofuata natuma tena na hajibu tena. Mwalimu mzima, Nyangeta. Sikuwahi kujiuliza.

Baba yenu alizidiwa Jumapili. Nilipiga simu ya Mafuru haikupatikana, mtandao wa kule unaujua, nikaandika meseji nikaingia wodini. Ilimfikia jioni, kama alivyokuja kunieleza baadaye. Aliona inatoka kwangu, na ilikuwa Jumapili. Akajua ni salamu. Mvuvi mwenzake aliyekuwa anamsomea meseji alikuwa amekwenda Musoma na mzigo wa dagaa. Akaiweka simu mfukoni akaenda ziwani.

Alipata habari za kifo Jumatano kwa watu wa mtumbwi. Alifika tumeshafukia, suruali imelowa mpaka magotini. Uliona mwenyewe. Ulimuuliza, mbele ya shangazi zako, hukuona meseji ya mama? Akasema simu haikuwa na chaji. Alichagua kuonekana mtoto asiyejali kuliko kusema mbele ya waombolezaji kwamba hajui kusoma. Na mimi, mbele ya watu walewale, nikasema, "Huyu si mwanangu." Nimeliandika hapa kwa sababu nilishawahi kujidanganya kwamba sikulisema.

Akaondoka jioni ileile. Wewe ukaufunga mdomo wako kwake, na mimi nikaona una haki.

Mwaka uliofuata, nikiwa nimebakiza kidogo kustaafu, tuliitwa mafunzo ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Nilikwenda nimejaa dharau. Huyu mwezeshaji alikuwa mama mnene mwenye kikohozi, hana mbwembwe. Akafundisha mambo ya kawaida tu: sauti za herufi moja moja kwa mpangilio, kuziunganisha, kusoma maneno na sentensi kila siku, halafu kuongea juu ya kilichosomwa. Tukamuuliza vipi kuhusu wale wa macho, masikio na mikono. Akasema hilo limepimwa na watu wengi na halikuonyesha kwamba kuwagawa watoto hivyo kunawasaidia kujifunza. Kila mtoto ana macho na masikio na mikono, mpe vyote kwa pamoja. Nikasimama kumpinga. Nilisema nina miaka zaidi ya thelathini darasani.

Akakohoa, akasema, "Mwalimu, wala usiniamini. Nenda kwenye darasa lako uite mtoto mmoja, peke yake, umpe neno ambalo hajawahi kuliona, lisilo na picha."

Nilikwenda kumkomesha. Nilimwita yule niliyemwona hodari kuliko wote, nikamwandikia neno fupi kwenye kikaratasi. Akaniangalia mdomo. Nyangeta, hakuliangalia neno, aliniangalia mdomo, anasubiri nianze ili anifuate. Nikamwita wa pili, naye mdomo. Wa tatu, mdomo. Nilikaa kwenye kiti cha mwalimu nikakiona kiganja cha baba yenu kimefunika picha, na yeye hayupo nimwambie kwamba alikuwa na haki. Nililia darasani. Watoto wakadhani wamenikosea.

Nilianza upya na darasa lile, na aibu yangu. M, a, ma. Kuna binti nilikuwa nimemweka dawati la nyuma kabisa, mzito, nimeshamfuta moyoni. Kabla mwaka haujaisha alinisomea karatasi ya dukani iliyofungiwa sukari, na hakuna mtu aliyekuwa amemwimbisha ile karatasi. Usije tena ukafikiri nimepata dawa ya kila kitu. Mtoto mwingine alinisomea hadithi nzima haraka, hakosei hata herufi, hadithi ya korosho. Nikamuuliza korosho ni nini, akasema ni ndege. Sauti alikuwa nazo, Kiswahili chenyewe hakuwa nacho, maana nyumbani ni Kizanaki kutwa. Na mimi ndiye niliyekuwaga nawavisha kibao shingoni wakisema neno la kwao, nikiamini lugha ya nyumbani inawafungia akili. Kumbe ningewaacha kwanza wasimuliane kwao, ndipo tuje kwenye Kiswahili tukiwa na maana mkononi. Huko uendako korosho watazijua, lakini ukiwasomesha furu na sangara, samaki wetu wa huku, watakutolea macho. Jifunze Kimakonde kidogo.

Nilipostaafu, wewe ukiwa chuoni, nilipanda mtumbwi kwenda Rukuba. Nilikwambia ninakwenda kwenye maombi Kibara. Samahani kwa uongo huo, yeye ndiye aliyeniomba usijue.

Nilikwenda wakati wa mbalamwezi, maana mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa na wavuvi wanapumzika. Nilimkuta anashona nyavu. Nikamwambia nimekuja kukuomba msamaha na kukufundisha, chagua tuanze na lipi. Akacheka kile kicheko chake cha mbele ya wageni. "Mama, mimi si nilikuwaga wa mikono?" Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

Halafu akanipa kiswaswadu chake. Hakuwa amefuta meseji yangu hata moja. Zote zimo, za miaka yote, zimejaa mpaka simu inalalamika. Umbo la neno Mama alikuwa analijua, basi. Nikamuuliza sasa ulikuwa unazihifadhi za nini kama huzisomi. Akasema, "Nilikuwa najua ni wewe."

Miezi saba nimekwenda na kurudi. Kila mbalamwezi siku nne, tano. Tulikaa kwenye kivuli cha kibanda, na mtu mzima yule, ndevu zote zile, anafunga midomo anasema mmm. Wenzake walimtania siku mbili tu. Siku ya tatu mmoja akavuta ndoo akakaa nyuma yake. Nilichokuwa nawapa watoto wa miaka sita ndicho nilichompa yeye, sauti, muungano, maneno mapya, polepole, bila wimbo. Kichwa chake hakikuwa na tatizo lolote. Hakikuwahi kuwa nalo.

Mwezi uliopita aliniambia anataka kusoma ile ya Jumapili ile. Niliitafuta kwa tarehe. Nilimwambia si lazima. Akaninyang'anya simu, akaigeuzia mbali na jua, akaanza kwa kidole. Ilimchukua muda mrefu. Nilikuwa nimesahau niliandika nini, nilidhani ni baba amezidiwa njoo, basi. Lakini ilianza hivi: Mwanangu Mafuru. Akalisoma hilo neno la kwanza, akalirudia toka mwanzo, mwa, na, ngu.

Akasema, "Kumbe uliniita mwanangu."

Akamaliza meseji yote mpaka mwisho, miaka minne imechelewa, halafu akaenda kukaa ukingoni mwa ziwa akinipa mgongo. Sikumfuata. Aliporudi ndipo aliposema nikwambie. "Mwambie Nyangeta. Si ndiye anakwenda kufundisha."

Kadi zako sijazichoma, ziko kwenye begi, chini ya kanga. Zina kazi nyingine nzuri, ziandikie silabi. Sikulazimishi. Nakuomba tu, kabla hujamvisha mtoto rangi yoyote, mwite peke yake, funika picha, na usikubali akuangalie mdomo. Na akishindwa, jiulize wewe kwanza. Inauma. Mimi nilichelewa kuumia, na aliyelipa ni mwingine.

Nyumba itakuwa kubwa kesho. Nikitoka stendi nitarudi nitapika ugali wa watu wawili kwa mazoea, halafu nitakaa nao. Sisemi ili usiende. Nenda. Nasema kwa sababu nikinyamaza na hili nalo utalisikia kwa watu wengine.

Na sasa ombi langu. Utakuwa barabarani siku mbili, simu unayo. Usimpigie kaka yako, maana akisikia sauti yako ataanza utani ili asilie, na wewe utakata. Mwandikie. Maneno mafupi, ya kawaida, usifupishe kama mnavyofupishana kwenye grupu. Anza na jina lake. Halafu usubiri, na kama saa nzima imepita usikasirike wala usidhani amekupuuza. Hatampa mtu amsomee. Atakuwa amekaa mahali peke yake, kidole kwenye kioo, anakusoma.

Mama yako